Kazi ipo, kazi hakuna

Nimekuwa kimya kwa miezi miwili na baadhi yenu mmeniuliza kulikoni. Jibu fupi ni kwamba nilikuwa nikitafuta kazi. Jibu refu ndilo hili hapa, na ni refu kweli, kwa hivyo jimiminieni chai kwanza.

Nilikuwa nikiiandikia programu kampuni moja hapa Nairobi. Siitaji jina, maana shida yangu leo si kampuni moja, na nyingi zinafanana nayo. Nilikaa nao miezi 14. Siku moja asubuhi meneja akaniletea baruapepe ya Kiingereza, ya adabu sana, yenye shukrani kila aya. Katikati kulikuwa na sentensi hii: "There is still a lot of work, but there is no longer a job."

Jioni nikampigia mama simu, yuko Voi. Mazungumzo yalikwenda hivi:

- Mama, kazi imeisha.
- Imeisha? Mlimaliza ile programu?
- La, hatukumaliza. Kazi bado ni nyingi sana.
- Sasa mwanangu, kama kazi ni nyingi, wanakutoaje?
- Wanasema kazi ipo, ila kazi hakuna.

Mama akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nimekula.

Sikumlaumu. Ile sentensi ya meneja inaeleweka kwa Kiingereza, na mtu akiisoma haraka anaweza hata kuiona ya busara. Ukiitia katika Kiswahili chetu cha kila siku inakuwa kichekesho. Nimeitafakari miezi miwili hii na nimefikia uamuzi kwamba mama ndiye aliyeiona sawasawa. Kama kazi ipo, kwa nini kazi hakuna? Hilo ni swali halali, na anayepaswa kulijibu ni yule aliyeandika ile sentensi.

Hebu tuanze na maneno yenyewe. Mimi nilisomea sayansi ya tarakilishi, sikusomea isimu, lakini hili halihitaji profesa. Kwa Kiingereza "job" huhesabika: moja, mbili, milioni moja. "Work" haihesabiki, ni kama maji au unga. Mwalimu wetu wa Kiingereza alitupiga msitari mwekundu kila tulipoandika "a work", na hakutueleza sababu. Sababu ni kwamba "job" ni kitu chenye mipaka, yaani nafasi yenye jina, mshahara, mwanzo na mwisho, ambayo mtu huingia na kutoka. "Work" ni ile shughuli yenyewe, kule kutumia nguvu na akili ili jambo litimie. Mama anayefua, kupika na kuchota maji ana "work" tangu alfajiri hadi usiku na hana "job" hata moja. Na sote tumewahi kuona ofisini mtu mwenye "job" nzuri ambaye "work" yake haionekani hata ukiitafuta kwa tochi.

Mkitaka mfano wa fani yetu, fungueni dirisha la amri kwenye Linux. Anzisheni programu tatu nyuma ya pazia kisha andikeni jobs. Mtaona orodha, kila moja na nambari yake: 1, 2, 3. Andikeni kill %2 na ile ya pili imekufa papo hapo. Lakini kama ilikuwa ikihesabu mishahara ya wafanyakazi 500 na ilikuwa imefika wa 200, wale 300 waliobaki bado wanasubiri. Umeua "job", "work" iko pale pale, na mtu mwingine ataifanya, au haitafanywa na watu watalala bila mshahara. Ndivyo nilivyofanyiwa. Nambari yangu iliondolewa kwenye orodha. Kazi yangu wakagawiwa vijana wawili waliobaki, juu ya ile waliyokuwa nayo.

Msidhani Waingereza walizaliwa na tofauti hii. Neno "job" lilianza kuonekana katika maandishi yao karne ya 16, na maana yake ilikuwa kipande cha kazi, kitu cha kufanya mara moja, ukilipwa unaondoka. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake mwaka 1755 aliliita neno la hali ya chini na akakiri kwamba hajui lilitoka wapi. Maana ya nafasi ya kudumu yenye mshahara ilikuja baadaye. Kwa hivyo neno ambalo leo wanasiasa wetu wanalitamka kwa heshima zote lilianza maisha yake likiwa kibarua. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Sasa tuje nyumbani. Kuna wasomi wa mitandaoni ambao wakisikia habari hii husema mara moja, "Unaona? Kiswahili ni maskini, kina neno moja tu, kazi." Huo ni uvivu. Tuna kazi, tuna ajira, tuna ujira, tuna kibarua, tuna wadhifa, tuna cheo, tuna shughuli. Ajira na ujira vinatoka mzizi mmoja wa Kiarabu, na mzizi huo ni wa malipo. Ukisema umeajiriwa, malipo yamo ndani ya neno. Kibarua nacho kina barua ndani yake, kwani wafanyakazi wa kutwa walipewa kijikaratasi cha kuhesabia siku zao, na kijikaratasi kikawa jina la kazi na la mtu mwenyewe.

Juu ya hayo, Wakenya tuna msemo ambao baba yangu ameutumia tangu nikiwa mtoto. Baba alikuwa reli. Kila mara nilipomwambia nimepata kazi, hakuuliza mshahara wala jina la kampuni. Aliuliza, "Umeandikwa?" Kuandikwa. Na ukiondolewa tunasema umefutwa, au umepigwa kalamu. Tazameni hapo. Kiswahili cha mtaani kinajua kabisa tofauti ambayo Kiingereza kinajivunia. Kazi unaweza kuifanya bila karatasi yoyote. Ajira ni pale jina lako linapoandikwa mahali na mtu mwingine akabanwa na maandishi hayo.

Sisemi kwamba kuandikwa kulikuwa kwema siku zote. Mkoloni naye alituandika sana. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na wanaume wetu wakatembea na kipande kwenye kisanduku cha chuma shingoni, ndani yake mmeandikwa mwajiri ni nani na mshahara ni kiasi gani. Maandishi yale yalimfunga mfanyakazi, mwajiri hakufungwa na lolote. Babu zetu walikichukia kipande kwa haki. Lakini leo mambo yamegeuka. Siku hizi mwajiri ndiye anayekwepa kalamu.

Nilipoingia kampuni ile niliambiwa, "Kazi iko nyingi, bwana, wewe tu." Nikafurahi. Mwezi wa kwanza nikaletewa karatasi ya kurasa mbili iliyosema mimi ni mshauri. Nilikuwa na miaka 26, sijawahi kumshauri mtu hata ununuzi wa viatu! Mshauri huyu alitakiwa kuwa mezani saa mbili na nusu kila asubuhi kwa kikao. Alitumia laputopu ya kampuni. Alikatazwa kufanyia wengine. Akitaka kwenda kwa daktari aliomba ruhusa. Nyanya yangu alipofariki nilikwenda Voi kumzika, siku 5, na mwisho wa mwezi nikakatwa shilingi 23,000 kwa sababu mshauri halipwi asipofanya kazi. Kwa hivyo nilipokuwa nikidaiwa utii nilikuwa mwajiriwa, na ilipofika zamu yangu ya kudai kitu nikawa mfanyabiashara huru.

Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2007 si mbaya. Anayemaliza miezi 12 ana haki ya likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi, kwa malipo kamili. Anayelipwa kila mwezi anastahili notisi ya siku 28. Akiondolewa kwa sababu nafasi imefutwa, kifungu cha 40 kinataka notisi ya mwezi mmoja, afisa wa leba aarifiwe, na alipwe fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka alioumaliza. Kifungu cha 37 kinakwenda mbali zaidi: kibarua wa kutwa akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi, au kazi ambayo haiwezi kutarajiwa kwisha kabla ya miezi 3, anahesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi hata kama hakuna aliyemwandika. Someni tena hiyo ya mwisho. Bunge lilijua kwamba kuna watu watakaotaka kazi isiyo na mwisho kwa ajira isiyo na mwanzo, na likajaribu kuwaziba njia.

Na mahakama haiangalii cheo kilichoandikwa juu ya karatasi peke yake. Huuliza nani alikupangia saa, vifaa ni vya nani, uliweza kumtuma mwenzako badala yako, na kama shughuli zako zilikuwa ndani ya moyo wa biashara au pembeni. Nimejipima kwa maswali hayo. Ushauri wangu unashindwa yote manne.

Mtaniuliza kwa nini sijashtaki. Sheria inanipa miaka 3 na bado nafikiria. Makala haya si hati ya mashtaka. Nataka kuonyesha jinsi neno moja lilivyonifumba macho. Siku ile ya kwanza ningeuliza, "Hii ni kazi au ni ajira?", ningejua ninaingia wapi. Niliridhika na kusikia kwamba kazi iko.

Wala si mimi tu. Serikali zetu zinacheza mchezo huo huo, tena kwa bendera na muziki. Mwaka 2009 tuliletewa Kazi kwa Vijana. Mwaka 2020, wakati wa korona, ikaja Kazi Mtaani. Mwaka 2024 ikaja ClimateWorX, na hapo angalau Kiingereza kilisema ukweli: ni "work". Vijana walifyeka nyasi, wakazibua mitaro, wakasafisha kingo za mito, wakalipwa kwa kutwa. Hakuna aibu katika kazi hiyo, mtaro ulioziba ni adui wa kila mtu. Lakini ilipotangazwa kwa Kiingereza tulisikia "jobs" kwa maelfu. Majina ya Kiswahili yalikuwa kweli, ni kazi. Hotuba za Kiingereza ndizo zilizozipandisha cheo.

Kisha kuna Ajira Digital, iliyoanzishwa mwaka 2016. Hapa mambo yamepinduliwa kabisa. Kijana anafundishwa kutafuta shughuli mtandaoni: kunakili sauti kuwa maandishi, kuandika makala, kuweka lebo kwenye picha. Analipwa kwa kipande, na mteja aliye ng'ambo hajui hata jina lake. Mafunzo ni mazuri, nina rafiki aliyenufaika nayo. Lakini hicho ni kibarua, kile kile ambacho Waingereza wa karne ya 16 walikiita "job". Kukibandika jina la ajira ni kama mimi kuitwa mshauri. Mwaka 2009 kibarua kiliitwa kazi, mwaka 2016 kibarua kikaitwa ajira. Naona neno pekee linaloogopwa ni kibarua lenyewe.

Hesabu za taifa nazo zina utata huo huo. Takwimu rasmi za mwaka 2023 zilionyesha uchumi wetu uliongeza "jobs" zaidi ya 800,000. Nambari tamu hiyo. Lakini zaidi ya 700,000 kati yake zilikuwa za sekta ya juakali. Mama mboga aliyetandaza gunia kando ya barabara kwa sababu mumewe amepigwa kalamu kiwandani amehesabiwa kama "job" mpya. Simdharau mama huyo, anafanya kazi kuliko mawaziri kumi. Ninachosema ni kwamba ana "work", na nchi imemwandika kwenye safu ya "jobs" ili safu ipendeze. Mume alipoteza ajira, mke akapata kazi, na kitabu cha takwimu kinafurahia.

Katika fani yetu mchezo huu umefika hadi mahakamani. Vijana waliokuwa wakichuja picha na video za kutisha za Facebook hapa Nairobi walikuwa na mkataba na kampuni nyingine ya katikati. Meta ikasema haiwezi kushtakiwa Kenya. Februari 2023 Mahakama ya Ajira na Leba ikaikatalia, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikaafiki kwamba inaweza kushtakiwa hapa. Kiini cha ubishi ule ni haya haya tunayojadili: kazi ilikuwa ya nani, na ajira ilikuwa ya nani? Meta ilipata "work" yote, na "job" ikaachiwa mtu mwingine abebe lawama.

Sasa kuna jambo la akili unde, maana siku hizi huwezi kunywa chai na waandishi wa programu bila mmoja kusema, "Hizi mashine zitachukua kazi zetu." Kazi ipi? Kama mashine itachukua "work", yaani kuandika majaribio ya programu, kutafuta mabano yaliyokosekana, kunakili fomu ile ile mara 40, mimi nitaipigia makofi na kuinunulia soda. Kama mashine itachukua "job", hapo nina neno. Hayo ni mambo mawili na hayafuatani lazima. Mashine huchukua shughuli. Anayechukua ajira ni mtu, mwenye jina na ofisi, anayekaa na kuamua kwamba kwa kuwa shughuli zimepungua, faida iende kwake badala ya kupunguza saa zenu. Tukisema "akili unde imechukua kazi" tunamficha mtu huyo nyuma ya mashine.

Tumewahi kuliona hili. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 ilichukua kazi ya bahasha zilizotumwa nyumbani kwa madereva wa basi, na hakuna aliyelia. Ikaleta mawakala kila kona ya nchi. Wale mawakala wana kazi tele, kuanzia asubuhi mpaka usiku, wakilipwa kamisheni. Ajira ni ya wachache sana katika vibanda vile. Teknolojia ile ilileta "work" kwa wingi na "jobs" kwa uchache, na sisi tulioshangilia kwa neno moja la kazi hatukuiona tofauti.

Najua mtakayoniandikia, kwa hivyo niyajibu mapema.

Kwanza: "Kiingereza nacho kinachanganya. Mtu hutembea akisema 'I am out of work' akimaanisha hana 'job'." Kweli kabisa. Kila lugha huchanganya katika mazungumzo. Lakini ikifika kwenye mkataba Kiingereza hujitenga mara moja, na wenye mikataba wanajua wapi pa kujitenga. Sisi tunazungumza kwa Kiswahili na kutia sahihi kwa Kiingereza. Katika mpito huo ndipo tunapoibiwa. Sheria yenyewe inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi mkataba kwa lugha anayoielewa ikiwa hawezi kuusoma. Mimi naweza kusoma Kiingereza, nina shahada, na bado nilielewa kwa Kiswahili na kutia sahihi kwa Kiingereza. Je, mlinzi wa lango la kampuni ile?

Pili: "Kampuni changa haiwezi kumwandika kila mtu, itakufa." Sawa, naikubali hoja hii, mimi pia natamani siku moja niwe na kampuni. Basi lipeni bei ya kibarua. Tufanye hesabu, maana sisi ni watu wa hesabu. Mwajiriwa wa shilingi 100,000 kwa mwezi hupata 1,200,000 kwa mwaka. Mwaka una siku 260 hivi za Jumatatu hadi Ijumaa. Ondoa likizo 21 na sikukuu 11, anafanya kazi siku 228 na kulipwa zote 260. Sasa mshauri analipwa siku anayofanya tu. Ukigawa 1,200,000 kwa 260 unapata 4,615 kwa siku, na ndivyo walivyonikata nilipokuwa matangani. Mshauri akipumzika sawa na mwajiriwa, kwa bei hiyo ataambulia takriban 1,052,000. Amepoteza karibu shilingi 148,000. Ili wawe sawa lazima alipwe 5,263 kwa siku, yaani asilimia 14 zaidi. Na hapo hatujagusa mchango wa mwajiri kwa NSSF, wala asilimia 1.5 anayochangia kwa ushuru wa nyumba, wala notisi, wala miezi ya kukaa bila mteja. Kwa hesabu yangu, mshauri wa kweli asikubali chini ya mshahara wa mwajiriwa ukiongezewa asilimia 30. Kampuni ikisema haina, basi haina pesa za mshauri wala za mwajiriwa. Inatafuta mtu wa kuchangia mtaji bila kupewa hisa.

Tatu, na hii ndiyo inayoniudhi zaidi: "Kazi ni kazi, bwana. Mchagua jembe si mkulima." Methali hii hutolewa na watu walioandikwa. Sijawahi kuisikia kwa kibarua. Mkulima halisi huchagua jembe vizuri sana, hulikagua mpini, huligonga chuma asikie mlio. Asiyechagua jembe ni yule anayelimishwa shamba la mwenziwe.

Kwa hivyo naomba nini? Si mengi.

Ndugu zangu waandishi wa programu, mkiambiwa "kuna kazi", ulizeni maswali matatu kabla ya kuuliza mshahara. Hii ni kazi au ni ajira? Nikiugua wiki moja, nani analipia? Kazi ikibaki na ajira ikiisha, nitajuaje na kwa siku ngapi? Mwenye nia njema atajibu kwa dakika 5. Asiyeweza kujibu amekwisha jibu.

Wahariri wa Kiswahili, mwanasiasa akisema "jobs" na mkatafsiri "ajira", hakikisheni ni ajira. Kama ni vibarua andikeni vibarua. Neno hilo si tusi. Baba zetu walilelewa kwa vibarua.

Na ninyi mameneja, hasa wa umri wangu, mliosoma nami na kulala nami njaa kwenye hosteli: acheni kutuita washauri. Mkitaka tuje saa mbili na nusu tuandikeni. Mkitaka tusiandikwe, tuacheni tuje tunapotaka na mtulipe bei yake. Msichukue "work" ya mwajiriwa kwa "job" ya mpita njia.

Nimalizie na habari yangu. Mwezi uliopita nimepata mteja, dada mmoja mwenye biashara ya kuuza dawa za mifugo, anataka mfumo wa kuhesabu bidhaa. Nilimuuliza yale maswali matatu. Alicheka, kisha akasema wazi: "Sikuajiri. Nina kazi ya miezi 4, ikiisha tunaagana." Nikampa bei ya kibarua, ile ya asilimia 30 juu. Alivuta pumzi, akalipa nusu mbele. Tumeandikiana ukurasa mmoja na nusu, na kila mmoja ana nakala.

Jumapili nikampigia baba. Akauliza lile swali lake. Nikamwambia, "La baba, sijaandikwa. Ni kibarua, na nimelipwa kama kibarua." Akasema, "Basi hapo sawa," akaniuliza mvua imenyesha Nairobi au bado.

Haya, tutaonana wiki ijayo. Nilikuwa nimeahidi kueleza jinsi ya kuhifadhi nakala za hifadhidata kila usiku bila mtu kukesha. Ahadi iko pale pale. Hiyo ni "job" moja ambayo ukiisahau, "work" ya kesho yake itakuliza.